Matukio ya Zoni ya Nne

MAELEZO YA SHAHIDI WA PILI
Kuhusu: tuhuma ya wizi katika stoo ya nyuma, duka la jumla la vitambaa vya mapazia
Shahidi: mke wa mdogo wake mtuhumiwa
Umri: miaka 22
Elimu: ya msingi
Kazi: usafi, katika duka hilohilo
Makazi: chumba cha kupanga, anaishi na mume, mtoto wa miezi minane, na mtuhumiwa
Yamechukuliwa: Jumatatu tarehe 16, saa nane kasorobo mchana, chumba cha maelezo. Shahidi amekuja na mtoto mgongoni.

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo hapa naweza kushtakiwa. Nimekubali. Ninachoomba ni afande aandike haraka, kwa sababu mtu ninayekuja kumsema yuko dukani sasa hivi na kidole chake kinafanya kazi.

Mwanamke mliyemweka mahabusu tangu jana ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Anakata na kukunja vitambaa pale dukani, ameanza miaka mingi kabla yangu. Mimi ni msafishaji. Yeye ndiye aliyeniombea kazi nikiwa na mimba kubwa, wakati kila nilikobisha walitazama tumbo kwanza halafu wakanitazama mimi. Nilipojifungua ni yeye aliyemwogesha mtoto siku zote za mwanzo, mimi nikiogopa hata kumgeuza. Nayasema haya ili msije mkaambiwa na mtu mwingine kwamba nilificha undugu. Sifichi. Lakini nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na nililoambiwa nitasema nani kaniambia.

Duka linasimamiwa na meneja. Mwenye duka mwenyewe yuko safarini. Sisi wafanyakazi tunamwita meneja Bwana Haraka, maana kwake hata kumeza mate ni kuchelewesha kazi. Ana utaratibu wake wa kufunga. Kila mmoja wetu ana koti la kazi la bluu, na kila koti lina msumari wake ukutani karibu na mlango. Wakati wa kufunga meneja hahesabu watu, anahesabu makoti. Makoti yote yakiwa ukutani anazima taa, anafunga stoo, anawasha alamu, anashusha mlango wa bati na kuondoka. Tulikuwa tunataniana kwamba iko siku atayasalimia makoti asubuhi na kutupita sisi. Tulicheka sana kwa hilo. Sasa halichekeshi.

Mnamo tarehe 14, siku ya Jumamosi, mimi sikuwepo kazini. Nilikuwa na ruhusa ya kumpeleka mtoto kliniki. Ya mchana ule nimeelezwa na wifi mwenyewe, jana jioni, hapahapa kituoni, akiwa upande ule wa nondo na mimi upande huu.

Aliniambia kuwa ilipokaribia saa saba mchana alikuwa amemaliza kazi, akavua koti akalitundika. Meneja alikuwa anaongea na mteja kwenye simu. Akamwita wifi, akamwambia akimbie stoo ya nyuma atazame kitambaa cha kijani chenye maua kama kimebaki cha kutosha. Wifi akaenda bila koti, maana ni refu na hunasa kwenye rafu. Alipokuwa nyuma kabisa kwenye majora, taa ikazimwa na mlango wa chuma ukafungwa. Aliita. Lakini stoo ile imejaa vitambaa kuanzia sakafuni mpaka karibu na dari, na vitambaa vinameza sauti. Mimi nikipiga deki mle huwa naimba kwa nguvu zangu zote na dukani hakuna anayenisikia.

Afande, kosa hilo mimi nalisamehe, na naomba iandikwe hivyo. Mtu anaweza kumsahau mtu. Hata mimi niliwahi kufika nusu ya njia nikakumbuka kwamba sufuria iko jikoni. Yaliyofuata siyo kusahau.

Wifi alianza kupapasa gizani kutafuta swichi ya taa. Hapo king'ora kikalia. Aliniambia kwamba alifurahi. Ndivyo alivyosema, nilifurahi, nikakaa chini nikashukuru, nikajua wanarudi. Kilipiga kelele kwa dakika kadhaa, halafu kikanyamaza, na yeye akajua kuna mtu ameingia kukizima. Akaenda akaugonga mlango wa chuma kwa ngumi zote mbili. Kilichomjibu ni sauti ya mlango wa bati wa mbele ukishushwa.

Akasema moyoni, basi nitakiliza tena. Kwenye pembe ya dari mle stoo kuna sensa, kile kijicho cha plastiki kinachoona mtu akipita. Wifi alisimama mbele yake akapunga mikono. Akaruka. Akazunguka huku na huku, mwanamke wa makamo, mwenye magoti mabovu. Kimya. Hakikulia tena mchana ule wala baadaye, na hakujua kwa nini.

Sisi nyumbani tulimsubiri. Simu yake ilikuwa inaita bila kupokelewa, kwa sababu simu za wafanyakazi hukaa kwenye droo ya meneja na hiyo moja ilibaki humo peke yake. Ilipofika saa kumi na mbili jioni nikampigia meneja. Nilimsalimia kwa adabu. Nikamuuliza kama wifi alitoka pamoja na wengine. Akajibu, "Alitoka mapema. Mtu mzima akitoka kazini Jumamosi hatafutwi, mama mtoto." Akacheka, akakata simu.

Mume wangu alikwenda kwa jamaa zetu wote wa karibu, mimi nikaenda dukani nikiwa na mtoto mgongoni. Nilikuta pamefungwa. Kwa pembeni, kwenye kioo, naijua taa ndogo nyekundu ya alamu, ilikuwa inawaka kama siku zote. Nikagonga bati mara mbili tatu, nikaona aibu watu wananitazama, nikaondoka. Wifi yangu alikuwa ndani.

Jumapili asubuhi mlinzi wa gereji ya jirani aliona kitambaa cha kijani kinaning'inia nje ya kidirisha cha juu cha stoo. Wifi alikuwa amepanda juu ya majora mpaka kwenye kidirisha, akavunja kioo, akateremsha kitambaa ili mtu akione. Wakati wa kushuka aliteleza akaangukia mkono wa kushoto. Mlinzi alimpigia meneja, maana namba yake imeandikwa mlangoni. Mlinzi huyo anasema alimwambia wazi kwamba kuna mtu analia ndani. Meneja hakuja kufungua. Alipita hapa kituoni kwanza, akarudi na askari wawili, ndipo akafungua. Wifi akatoka midomo imemkauka, na neno la kwanza kuambiwa ni anyanyue mikono. Akanyanyua mmoja.

Nimeambiwa na afande aliyempokea kwamba meneja ameandika maelezo. Ameandika kuwa wifi alijificha stoo ili atupe vitambaa nje kwa dirisha. Ameandika pia kuwa alamu haikulia kabisa siku nzima ya Jumamosi, na kwamba kwa hiyo wifi anajua namna ya kuikwepa. Niliposikia hilo la kuikwepa nilikumbuka alivyoniambia kuhusu kuruka na kupunga mikono, na nilishikwa na hasira mpaka nikaona giza.

Jana jioni nilipomletea nguo, vidole vyake vilikuwa vimevimba, havikunjiki. Niliomba apelekwe hospitali nikaambiwa mpaka mpelelezi aje. Yeye hakulalamika. Aliniuliza, "Shangazi yake sijamwona tangu jana asubuhi, amekula?" Anamwita mtoto wangu hivyo, shangazi yake, kwa kuwa yeye ni shangazi wa mtoto, na wanaitana. Nikamwambia amekula. Akaniambia nisigombane na mtu. Nimejaribu.

Sasa nasema ya leo.

Leo tarehe 16 nilifika kazini saa moja na nusu asubuhi. Nilikwenda kwa sababu kama nisingekwenda wangesema nimekimbia. Kwenye saa nne alifika fundi wa alamu. Nilimsikia akimwambia meneja kuwa mwenye duka amempigia kutoka safarini na kumwagiza achapishe kumbukumbu zote za alamu, kuanzia Jumamosi, zipelekwe polisi. Meneja akasema hakuna haja. Fundi akasema yeye ametumwa tu, bosi.

Kisanduku cha alamu kiko ofisini kwa meneja, ukutani nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa napiga deki ofisi hiyo. Hakuna aliyenifukuza, msafishaji akishainama na tambara haonekani. Fundi aliingiza namba yake ya siri, akabonyeza, na kwenye kile kioo kidogo yakaanza kutokea maandishi, mstari mmoja mmoja. Maandishi yenyewe si ya Kiswahili, lakini fundi alikuwa anayasoma kwa sauti huku anabonyeza, nadhani ndiyo tabia yake. Alieleza kwamba yanaanza ya karibuni, halafu unarudi nyuma. Kila mtu mwenye namba ya siri ana nambari yake humo. Meneja ni mtumiaji namba mbili. Stoo ya nyuma ni zoni ya nne.

Akasoma ya leo asubuhi, imezimwa, mtumiaji namba mbili. Akasoma ya Jumapili. Akafika Jumamosi. Nikaacha kukamua tambara.

Alisoma hivi, na nimeyashika kama nilivyoyasikia. Jumamosi saa saba na dakika thelathini na mbili mchana, imewashwa, namba mbili. Dakika moja nyuma yake, zoni ya nne imetolewa, namba mbili. Nyuma yake tena, imezimwa, namba mbili. Na nyuma yake, king'ora, zoni ya nne.

Fundi akageuka akamtazama meneja. Akamwambia, "Bosi, hapa ililia. Ukarudi, ukazima, ukaitoa zoni ya nne isisikie tena, ukawasha nyingine zote. Stoo uliingia kuangalia?"

Meneja akasema ni paka. Kila siku paka, amechoka na paka.

Nimefanya kazi pale tangu kabla ya kujifungua na sijawahi kufagia hata unyoya mmoja wa paka.

Fundi hakubishana. Akaunganisha kiprinta chake kidogo, kile cha karatasi nyembamba kama za risiti, akabonyeza kichapishe. Karatasi ikatoka na mistari ya leo na ya Jumapili, halafu ikaisha. Ilikatikia Jumapili asubuhi. Meneja akaichana palepale, akaikunja, akasema hii inatosha, polisi wanataka ya Jumapili. Fundi akasema ameambiwa zote, atakwenda kununua karatasi nyingine na pia kuchukua chakula, atarudi saa nane na nusu.

Akiwa anakunja waya wake meneja akamuuliza, kwa sauti ya upole ambayo sisi hatuijui, kama kile kisanduku kinaweza kujaa. Fundi akasema hakijai. Kinashika matukio mia mbili na hamsini na kitu, likija jipya la zamani kabisa linasukumwa nje, linafutika, na hata yeye hawezi kulirudisha. Meneja akauliza kama kuwasha na kuzima nako ni tukio. Fundi akacheka, akasema, "Kila ukigusa, bosi." Akaondoka.

Fundi huyo ni mtu mzuri na sidhani alijua alichomwambia.

Saa saba mchana meneja aliwaruhusu wote waende kula. Siku zote hutoka kwa zamu, wawili wawili, ili duka lisibaki tupu. Leo aliwatoa wote mara moja, akashusha mlango wa bati nusu. Mimi nilikuwa choo cha nyuma nasugua, mtoto amelala mgongoni, akasahau kama nipo. Koti langu lilikuwa msumarini, nilikuwa nimelivua nisililoweshe.

Nikasikia ile sauti ya alamu ikiwashwa, ti ti ti ti, halafu mlio mrefu wa kuzimwa. Nikadhani anafunga. Ikalia tena. Ikazimwa. Ikawashwa, ikazimwa. Sikuhesabu. Nilisimama na brashi mkononi mpaka nikaelewa.

Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi. Nilimwona. Amevua saa yake ameiweka mezani, amekunja mikono ya shati kama mtu anayefua, anabonyeza namba zake, anasubiri kidogo, anabonyeza tena. Jasho linamtoka. Mtoto akaamka na ule mlio akaanza kulia, ndipo meneja akageuka.

Akaniuliza nafanya nini pale. Nikamwambia fundi bado hajachapisha, asiguse tafadhali. Akasema anajaribu betri. Nikamwambia basi aijaribu fundi akirudi. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Mama mtoto, ndoo yako ndiyo inayokuhusu. Mambo ya zoni utayaelewa wapi wewe?"

Nikamjibu, "Zoni ya nne ni wifi yangu."

Akasema kama nimechoka kazi, mlango uko wazi. Akageukia kisanduku, akaendelea kubonyeza mbele ya macho yangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, afande. Hakuona hata haja ya kusubiri niondoke.

Nikapita kwenye huo mlango ulio wazi. Sikuchukua simu yangu, iko kwenye droo. Nilikuja kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Nilifika mapokezi saa saba na nusu. Afande wa mapokezi aliniuliza kama kuna mtu anapigwa. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna kinachoibwa. Nikasema ndiyo, Jumamosi inaibwa. Akaniambia nikae kwenye benchi nisubiri zamu. Nimekaa hapo nikimnyonyesha mtoto, na kila nilipoitazama saa ya ukutani niliona mtu anabonyeza.

Nimeulizwa na afande anayeandika haya kama ninamchukia meneja. Nimejibu kwamba leo ndiyo. Juzi nilikuwa namwona mtu wa haraka tu. Nimeulizwa kama nimefundishwa na mtu maneno haya. Sijafundishwa. Mume wangu hajui hata kama niko hapa. Nimeulizwa nina uhakika gani kwamba kumbukumbu za Jumamosi bado zimo. Sina. Mtu anaweza kubonyeza mara ngapi kwa saa moja mimi sijui. Lakini ili kufuta inabidi abonyeze namba yake mwenyewe, namba mbili, na kila akifanya hivyo kisanduku kinamwandika yeye. Kama Jumamosi imeshaondoka, mtakuta leo imejaa jina lake tangu juu mpaka chini. Ninaamini kuna kitu mtakikuta. Ninaamini hivyo kwa sababu nisipoamini sijui nitamwambia nini wifi nikipita pale kwenye nondo.

Afande amenisomea niliyoyasema. Palipoandikwa kuwa nilihisi meneja anafuta kumbukumbu nimeomba pabadilishwe, isomeke nilimwona. Amebadilisha. Mengine yote ni yangu, yako sawa na nilivyoyatamka, sikulazimishwa wala kuahidiwa chochote. Natia sahihi yangu hapa kwa mkono wangu, na ninaomba kalamu ikishawekwa chini tuondoke.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA
Nimeyachukua maelezo haya kwa Kiswahili, nikamsomea shahidi, akayakubali baada ya sahihisho moja. Nimefunga saa nane na dakika ishirini na tano.

Nyongeza, siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni. Nilikwenda dukani mara moja pamoja na askari mmoja na shahidi. Mlango wa bati ulikuwa umeshushwa nusu. Meneja alikuwa ofisini, amesimama mbele ya kisanduku. Nilimwamuru akae kitini mpaka fundi aliporejea. Fundi alichapisha kumbukumbu zote mbele yangu. Karatasi imebandikwa kwenye jalada, ina sahihi yangu, ya fundi na ya meneja. Karibu mistari yote ni ya leo kati ya saa saba na saa nane na nusu, kuwashwa na kuzimwa, mtumiaji namba mbili. Mstari wa king'ora wa Jumamosi haumo tena. Umebaki unaoufuata wa kuzimwa, na juu yake ule unaoonyesha zoni ya nne imetolewa, wote wa mtumiaji namba mbili. Fundi ameandika maelezo yake kuhusu mstari aliousoma asubuhi. Meneja amekuja nasi kituoni na atahojiwa upya. Simu mbili zilizokutwa kwenye droo zimerudishwa kwa wenyewe.

Kwa kibali cha mkuu wa kituo, mtuhumiwa ametolewa mahabusu saa kumi na nusu ili apelekwe hospitali, mkono wa kushoto. Shahidi aliombwa asubiri kusomewa nyongeza hii. Hakusubiri. Waliondoka pamoja kwa miguu, mtuhumiwa akiwa amempakata mtoto kwa mkono wa kulia na kukataa kumtoa.